Mtani Haombwi Radhi

Niliacha shule darasa la sita, na tangu siku hiyo sijamwomba mtu ruhusa ya kujua jambo. Nikitaka kujua kitu, nakifuata kilipo. Nilikwenda Ipole kuchuma tumbaku kwa sababu nilitaka kujua ule weusi unaoganda mikononi mwa wachumaji unatoka wapi. Unatoka kwenye utomvu wa majani, na sabuni haiuwezi. Nilikaa Ziba msimu mzima kwa sababu mtu aliniambia kuna wachungaji wanaomtambua ng'ombe wao kwa alama ya kwato kwenye tope. Wapo. Nimekwenda Kigoma kwa treni, Mpanda kwa lori la mahindi, Singida kwa miguu nusu ya njia. Baharini bado, nitafika. Shangazi yangu wa Mtendeni, mjini Tabora, ambaye nikichoka ndiye ninayemrudia, husema mimi ni mzigo usio na mwenyewe: kila kituo napakiwa, kila kituo nashushwa.

Niliporudi safari hii, shangazi alinitafutia kazi kwenye steshenari iliyo hatua chache kutoka kwake. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunawajazia watu maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Mwenye duka yuko Nzega na mashamba yake, anakuja akikumbuka. Kompyuta ni tatu, na mtandao haukatiki sana. Nilipoona hivyo nikajua nitakaa, maana wateja wakipungua mimi nasoma. Nimesoma habari za sayari, za ushonaji wa viatu, za magonjwa ya kuku. Hakuna aliyenipangia.

Ndipo mwalimu mmoja kijana, anayefundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya jirani, alipokuja na ombi. Watoto wake walikuwa wanasoma mikoa ya nchi yetu. Kitabu kilikuwa kimoja kwa benchi zima, na shuleni walichokuwa nacho ni kishikwambi chake mwenyewe, ambacho watoto wa nyuma walikiona kama watu wanavyouona mwezi wa Ramadhani: wanaambiwa tu umeandama. Akaniuliza kama anaweza kuwaleta kwangu siku za Jumamosi, kikundi kimoja kimoja, watafute wenyewe.

"Walete," nikamwambia. "Ila mimi si mwalimu."

"Najua, dada. Kama ungekuwa mwalimu ungekuwa umeshakataa."

Mwalimu mkuu wao hakupenda. Ni mama wa makamo, mnyoofu, kwao ni kaskazini, na shule ile ameinyoosha kwa mikono yake. Alipita dukani siku moja kuniangalia.

"Wewe dada ulisomea wapi?"

"Njiani, madam."

"Njiani kuna mengi yasiyofaa watoto."

"Ndiyo, madam. Na darasani pia."

Hakucheka. Lakini hakuwakataza watoto kuja, na hilo nalihesabu upande wake.

Jumamosi za kwanza zilinivunja moyo. Watoto waliandika jina la mkoa, wakafungua ukurasa wa kwanza, wakanakili. Mkoa huu una wilaya kadhaa. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Una misimu ya mvua na kiangazi. Wakamaliza mikoa mitatu, minne, na kila mmoja ulikuwa na wakulima na wafugaji na mvua na kiangazi, mpaka mtoto mmoja akageuka akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Anti, kwa hiyo mikoa yote ni mmoja?"

Walipofika kwenye mkoa wetu wenyewe ikawa vibaya zaidi. Ukurasa ulijaa misafara: pembe za ndovu, watumwa, Waarabu, wazungu waliopita wakienda ziwani. Waliopita! Yaani mtu aliyelala Tabora siku chache akiumwa homa ana aya tatu na picha yake yenye ndevu, na waliompikia uji hawana hata koma. Niliwasha kompyuta nyingine nikatafuta kwa hasira, nikakuta yale yale. Tumekuwa mahali pa kupitia. Hakuna anayeuliza waliobaki walikuwa wanafanya nini.

Katika kikundi kile kulikuwa na msichana aliyehamia mjini kutoka Ziba, anakaa na bibi yake muuza dagaa sokoni. Alikuwa haongei. Mwalimu alinieleza: wiki yake ya kwanza darasani alisimama kujibu swali, lafudhi ya Kisukuma ikatoka nzima nzima, watoto wa mjini wakaangua kicheko, na tangu hapo akafunga mdomo. Siku ile aliandika "Ziba", taratibu, kwa kidole kimoja. Kilichokuja ni mstari mmoja: kwamba ni kata katika Wilaya ya Igunga. Akautazama muda mrefu.

"Hata ng'ombe hawakuwaona?" akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza dukani kwangu, na nimeyapenda kuliko vitabu vingi.

Kilichogeuza mambo kilikuwa wazo la mwalimu. Katika kundi la walimu kwenye simu yake alimpata mwenzake wa Kisarawe, mkoa wa Pwani, anayefundisha mada ile ile. Wakakubaliana: watoto wa Tabora watafute habari za Pwani, wa Kisarawe watafute za Tabora, kila upande urekodi ulichokipata uutumie upande wa pili, na wenyeji wasahihishe. Watoto wakaanza kama kawaida yao, wakulima, wafugaji, mvua, kiangazi. Halafu yule msichana akafika kwenye neno moja, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Wazaramo! Anti, hawa si watani wetu?"

Duka likaamka.

Mtu asiyekulia kwetu anaweza kudhani utani ni mzaha tu. Ni mzaha, lakini una kazi. Mnyamwezi, na Msukuma naye, ana haki ya kumwita Mzaramo mtumwa wake, na Mzaramo ana haki hiyo hiyo juu yake. Wanatukanana mchana kutwa, na siku ya msiba mtani ndiye anayeshika jembe. Wazee husema ulianzia njiani, babu zetu wakishuka na mizigo mpaka pwani, wakagombana na wenyeji wao, wakachoka kugombana, wakaamua kuchekana. Hata watoto wa darasa la nne wanaujua, maana wameuona misibani.

Na sasa walikuwa na sababu ya kutafuta. Huwezi kumtukana mtani kwa jambo usilolijua, atakuchoma yeye. Wakataka kujua Wazaramo wanakula nini, wanapanda nini, kwao kuna mlima au hakuna. Wakagundua kisiwa cha Mafia wakapiga kelele kwamba kumbe watani wana kisiwa na hawasemi. Wakaufuata Mto Rufiji kwa kidole kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Mmoja aliifuata reli kutoka stesheni yetu, kituo kwa kituo, akatangaza kwamba treni yetu inapita mlangoni kwao, kwa hiyo wao ni walinzi wetu wa reli. Ukurasa wa kwanza haukuwatosha tena. Walinilazimisha kufungua wa tano, wa sita, picha za ngoma, bei za korosho, ramani za misitu. Mwalimu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mdomo wazi.

Aliyechaguliwa kusema kwenye rekodi ni msichana wa Ziba. Hakuchaguliwa kwa huruma. Alikuwa na matusi mazuri kuliko wote.

"Shikamooni walimu," alianza, kwa ile lafudhi yake, na hakuna aliyecheka. "Watoto hatuwaamkii, nyie ni watumwa wetu. Tumeusoma mkoa wenu. Mna bahari, mna Mto Rufiji, mna kisiwa, mna nazi, mna korosho, mna mihogo, na bado kila siku mko ngomani. Babu zetu walitembea mpaka kwenu na pembe mabegani, nyie mmekaa mnauliza kuna zawadi gani. Leteni mihogo yetu, treni inapita. Asanteni kwa kutusikiliza."

Mwalimu akaituma huku anafuta machozi ya kucheka.

Siku chache baadaye akarudi dukani bila kicheko. Mzazi mmoja aliipenda rekodi, akaipeleka kwenye kundi lingine, wa huko wakaipeleka kwingine, na mtu asiyejulikana ni wa wapi akampigia simu mwalimu mkuu: shule yako ya Tabora inafundisha watoto kuwaita wenzao watumwa. Nikaitwa shuleni pamoja na mwalimu.

"Mnajua," mwalimu mkuu alisema, "neno hilo, katika mji huu kuliko miji yote, lina uzito gani?"

"Tunajua, madam," nikajibu. "Ndiyo maana tumelifanya la kuchekea. Lingebaki zito lingetuvunja shingo."

"Wewe na mtani wako mnachekea. Aliyenipigia simu si mtani wa mtu. Mtandao haujui utani."

Hapo alinigusa. Ni kweli, haujui. Unambeba mtoto mpaka masikioni mwa mtu ambaye hajawahi kula msiba na Mnyamwezi. Yeye akaendelea: safari za Jumamosi zimekwisha. Na Jumatatu, mstarini, mbele ya shule nzima, msichana aliyesema maneno yale ataomba radhi, atarekodiwa, na radhi hiyo itatumwa Kisarawe.

"Madam, mtoto yule ndiyo kwanza ameanza kuongea," mwalimu akasema. Yuko kwenye ajira mpya, na bado alisema.

"Ataongea vizuri akijua mipaka."

Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuamua. Niliwahi kusimamishwa mstarini mimi pia, na najua mtoto anatoka pale na nini. Yule angefunga mdomo na safari hii usingefunguka. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo mwalimu mkuu hangeweza kulijua kwa sababu hakukulia kwetu: mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi unamwambia kwamba wewe na yeye ni wageni.

Nikaenda kwa fundi cherehani wetu wa Mtendeni. Ni Mzaramo, baba yake aliletwa huku na kazi ya reli, yeye kazaliwa hapa hapa na bado anajiita mtu wa pwani. Babu yangu alipofariki, fundi huyu alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo, na shangazi aliyekuwa hajala tangu jana yake akacheka akiwa na machozi, akala.

"Mpagazi wangu huyo," akasema aliponiona. "Umetumwa mzigo wa nani leo?"

"Wa kwako, mla nazi. Sikiliza hii."

Nikamwekea rekodi. Alicheka mpaka akashika mguu wa meza. "Huyu mtoto nampa mume kwetu! Ana mdomo kama sindano ya gunia."

"Jumatatu anaombeshwa radhi."

"Kwa nani?"

"Kwenu. Kwa Wazaramo."

Mguu wake ulitoka kwenye pedali. Nimemjua mtu huyu tangu utoto na sikuwahi kumwona amekasirika kweli. Siku ile nilimwona.

"Akishaniomba radhi, mimi nikifa nani atakuja kunivuruga msiba? Nani? Nitazikwa kama mtu aliyefia gesti?"

Jumatatu asubuhi tuliingia getini wakati wimbo wa taifa umekwisha. Fundi alikuwa na tepu yake shingoni na kanzu aliyoitunza kwa Idi. Msichana alikuwa amekwisha kuitwa mbele, amesimama pembeni ya mwalimu mkuu, macho kwenye viatu, na mwalimu wake ameshika simu kana kwamba inamuunguza.

"Hodi!" fundi akapaza sauti. "Mimi ndiye Mzaramo niliyetukanwa. Nimeambiwa kuna radhi yangu hapa. Nimekuja kuichukua mwenyewe, isije ikapotea njiani."

"Baba, tuko kwenye kipindi," mwalimu mkuu akasema.

"Kipindi changu, madam. Shikamoo kwa heshima ya ofisi." Hakungoja kuitikiwa. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa msichana, akavuta tepu shingoni, akaanza kumpima mabega. "Mtumwa wangu huyu. Mabega madogo. Lakini atafaa kulima mihogo. Nampima gauni la shambani, keshokutwa napanda naye treni."

Msichana alikuwa bado anatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, kama nimekosea, nimekosea mbele ya watoto wote hawa.

Akainua uso.

"Pima kwanza tumbo lako, fundi," akasema, kwa lafudhi yote ya Kisukuma iliyokuwa ulimini mwake. "Kama tepu itatosha, nitakwenda."

Walicheka mpaka mistari ikavunjika. Darasa la saba walicheka. Walimu wawili walijigeuza kutazama ukuta. Wale wale waliomcheka wiki yake ya kwanza walikuwa wanampigia makofi, na fundi akaanguka chini taratibu, mtu mzima, kanzu ya Idi kwenye vumbi, akilia kwamba ameuawa na mtumwa wake.

Mwalimu mkuu aliwaamuru watoto waingie madarasani. Hakuna radhi iliyoombwa. Lakini ofisini hakuwa ameshindwa, na sitaki kumsimulia kama aliyeshindwa.

"Fundi," alisema, "mtoto yule ni wangu pia. Kesho mtu akikata maneno yake, akabakiza lile neno moja, akalitupa huko duniani, utakuwepo wewe na tepu yako?"

Fundi akaivua tepu shingoni, akaikunja.

"Basi rekodi mpya, bila utani. Habari za mkoa tu," mwalimu mkuu akasema.

"Hapana," nikasema.

Mwalimu kijana alinikanyaga mguu. Sikuuondoa.

"Ukiutoa utani, madam, utabaki ule ukurasa wa kwanza. Wakulima na wafugaji. Watoto hawa wametafuta kwa sababu walikuwa na mtu wa kumtafutia."

"Basi hakitatumwa chochote kwa jina la shule hii."

"Sawa," nikasema, na nilimaanisha.

Jumamosi iliyofuata nilifungua duka mapema. Sikumwita mtoto hata mmoja. Walikuja wenyewe, wawili, kisha watano, kisha benchi likajaa, na mwisho akaja msichana ameshikwa mkono na bibi yake anayenukia dagaa. Bibi alinisalimu, "Mwangaluka," akaketi, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka barabarani, "Mjukuu wangu hajakosa. Aseme." Wazazi wengine walikuwa wamesema hivyo hivyo, niliwapitia mmoja mmoja kabla ya siku hiyo, maana sikutaka mtu aje kusema nimeiba watoto. Mwalimu naye alikuja, akiwa mteja. Alisimama kwenye mashine akitoa kopi ya karatasi tupu, kisha nyingine.

Nilimwambia msichana kile alichokisema mwalimu mkuu kuhusu watu wasiojua utani, bila kukipunguza. Alifikiri huku anatafuna kamba ya begi. Halafu akasema anataka kuanza upya, ana maneno ya kuongeza mbele.

"Unayesikiliza," alisema kwenye simu, "kama wewe si mtani wetu, haya hukuambiwa wewe. Kaa kimya ujifunze mkoa. Kama ni mtani wetu, ole wako."

Kisha akaendelea na yote, watumwa na mihogo na ngoma, hakutoa hata neno. Nikaituma kwa yule mwalimu wa Kisarawe kwa simu yangu, kwa jina la watoto wa Mtendeni.

Jibu lilikuja kabla hawajatawanyika. Mvulana wa Kisarawe, sauti nyembamba kama filimbi. Alisema wapagazi wa Tabora wamesikika. Alisema mkoa wetu ni mkubwa kwa sababu hakuna aliyeutaka. Alisema wamesoma kwamba tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka meno yetu yanatumika kusagia kokoto za reli, kwamba asali tunarina sisi lakini wanaokimbia ni sisi, si nyuki. Alisema bahari ni yao, tukitaka kuiona tuje na mizigo kichwani kama desturi yetu. Nyuma yake darasa zima, lililokuja kwa masomo ya ziada ya Jumamosi, lilikuwa linapiga madawati.

Watoto wangu waliruka kwa uchungu na furaha, kompyuta zote tatu zikashikwa, viwiko vikaanza kugongana. Mmoja alitaka bei ya mihogo. Mwingine alitaka kujua kama kuna mto wa Pwani uliowahi kukauka, maana hapo angewamaliza. Katika kelele hizo nikaona kivuli mlangoni. Mwalimu mkuu, na kikapu cha sokoni mkononi.

Mwalimu kijana akainamia mashine yake. Bibi hakuinuka.

"Nani aliyewaruhusu kuwa hapa?" mwalimu mkuu akauliza.

Msichana ndiye aliyegeuka. "Shikamoo madam. Leo si siku ya shule."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, na hayakuwa mazuri.

"Marahaba," akasema. Hakuingia, na hakuondoka. Alisimama pale kikapu kikimvuta bega, akitazama kioo ambapo vichwa vinne vilikuwa vinagombania ramani ya Kisarawe.

Sikuifunga kompyuta. Sikumkaribisha kiti pia. Viti vyote vilikuwa na watoto. Msichana alinivuta mkono.

"Anti, mnazi unakaa miaka mingapi ndiyo uzae? Nataka niwaambie wanavyosubiri wamekaa tu."

Sikujua. Nikavuta kibodi, nikaandika swali lake kama alivyoliuliza.